Malaika Aliyerudi na Upara

Katika hadithi moja waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad anasimulia habari za watu watatu wa Wana wa Israili: mmoja mwenye mbalanga, mmoja mwenye upara, mmoja kipofu. Mwenyezi Mungu alitaka kuwajaribu, akawapelekea malaika, naye akamwuliza kila mmoja ni kitu gani anachokipenda zaidi. Mwenye upara hakuhitaji muda wa kufikiri. Alitaka nywele nzuri, aondokewe na hili linalowafanya watu wamwone kinyaa. Malaika akampangusa kichwa, nywele zikaota, akampa na ng'ombe mwenye mimba. Ng'ombe akazaa, kizazi kikaleta kizazi, hata bonde zima likajaa mifugo yake. Ndipo malaika akarudi, safari hii kwa sura ya mtu mwenye upara, fukara, msafiri aliyeishiwa njiani, akaomba msaada kwa ajili ya Yule aliyempa mwenyeji wake nywele na mali. Yule bwana akakana. Mali hii, alidai, ameirithi kwa wazee wake, nao waliirithi kwa wazee wao. Malaika akamwombea kwamba, ikiwa anasema uongo, Mungu amrudishe alivyokuwa.

Wanapoulizwa kama dini inaruhusu kupandikiza nywele, watu wengi huikumbuka nusu ya kwanza ya kisa hiki. Sheikh Muhammad ibn Uthaymin wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 2001, aliitegemea alipoliruhusu jambo hilo: malaika hatumwi kutenda haramu, na kurudisha kilichoondoka ni kuondoa aibu, si kumsahihisha Muumba. Hoja hiyo naiona imesimama. Lakini nusu ya pili, ambayo wanaoisoma huipitia haraka kana kwamba ni kisa kingine, ndiyo inayolijibu swali hadi mwisho. Mtu yule hakuangamia kwa sababu alitamani nywele. Nywele alipewa, tena kwa mkono wa malaika. Aliangamia siku alipomtazama mwenye upara mlangoni kwake akasema, kwa maneno mengine, mimi sijawahi kuwa wewe. Hapo ndipo ninapotaka kuliweka swali la mpaka wa nywele, pale paji linapokutana na nywele: dhambi inayowezekana katika kazi ya kupandikiza haimo kichwani, imo katika kukana, na namna mpaka wenyewe unavyopangwa huonyesha mapema kama mtu anajiandaa kukana au la.

Swali hili lina wenyewe katika mji wa Kisangani, Kongo. Uislamu na Kiswahili viliingia mji huu pamoja, kwa misafara ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammad, aitwaye Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, kwenye maporomoko ya hapa, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Miaka 10 baadaye, mwaka 1897, Padre Gabriel Grison alifungua misheni ya Mtakatifu Gabrieli karibu na maporomoko hayohayo. Tangu hapo msikiti na kanisa vimesikia maswali yaleyale ya mwili, na sasa limeongezeka moja. Kijana wa Makiso au Mangobo anayeona mapanja yake yakipanda kila mwaka anajua kwamba Istanbul imekuwa soko kubwa la upandikizaji duniani, na kwamba ndege za Kituruki hutua Kinshasa. Anajua pia kwamba atakaporudi ataulizwa, na shemeji zake, na paroko, na imamu, kwa nini hakuridhika na kichwa alichopewa na Mungu.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Upara wa wanaume hauletwi na kofia wala na mizigo ya kichwani. Daktari James Hamilton wa Marekani alionyesha mwaka 1942 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya balehe hawapati upara, na kwamba wakipewa homoni ya kiume, wale wenye upara katika ukoo huanza kupoteza nywele. Homoni hiyo hudhoofisha mizizi ya mbele na ya utosini, ila mizizi ya kisogoni na ya ubavuni mwa kichwa haijali. Mwaka 1952, mjini New York, Norman Orentreich alichukua ngozi yenye nywele kisogoni akaihamishia penye upara, na mwaka 1959 akachapisha alichokiona: nywele iliyohamishwa haifuati desturi ya ugenini, inaendelea na tabia ya kwao. Kisogoni haikuwa na haja ya kuanguka, basi na pajini haianguki. Kazi yote ya upandikizaji, hadi leo, inasimama juu ya ukaidi huo wa mzizi usiosahau ulikotoka. Ajabu ni kwamba nywele zenyewe hazikani asili yake. Mwenye kichwa ndiye anayeweza kukana.

Orentreich na waliomfuata walihamisha vipande vya duara vya milimita 4, kila kimoja na nywele zaidi ya 10, vikasimama pajini kama mashina ya mihogo yaliyopandwa kwa kamba. Kila mtu aliona. Iliwachukua madaktari miongo kadhaa kujifunza kwamba nywele huota kwa vishada vidogo vya nywele 1 hadi 4, na kwamba vishada hivyo ndivyo vya kuhamisha, kimoja kimoja, kwa kitobo kisichozidi sana milimita 1. Kwa nywele zetu kazi ni ngumu zaidi. Mzizi wa nywele ya kipilipili hujikunja chini ya ngozi kama ndoana, na anayeuchimba akidhani unashuka wima huukata katikati. Ngozi yetu nayo ni nyepesi kufanya kovu la kuvimba, lile linaloitwa keloidi. Kwa upande mwingine msokoto huohuo ni neema: nywele 1 iliyojikunja hufunika mahali ambapo nywele iliyonyooka ingehitaji wenzake wawili watatu.

Sasa tazama kwa karibu paji la mtu mwenye nywele zake za kuzaliwa, mwanga ukitokea ubavuni. Hakuna mstari. Kuna ukanda mwembamba ambamo nywele laini hutangulia moja moja, huku na huku, kama miche ya ukingoni mwa msitu, kisha zinakuwa mbili mbili, ndipo msitu unapoanza. Penye panja mpaka unarudi nyuma kidogo. Upande wa kulia haulingani na wa kushoto. Mstari ulionyooka kama rula, ambao wateja wengi huutaka, ni kazi ya kinyozi ya Jumamosi: wembe unaupiga, unapendeza harusini, na wiki ikiisha nywele zimeshauvuruga. Daktari akiuchora mstari huohuo hauvurugiki. Utabaki pajini miaka 40, na ni unyoofu wake utakaomsema mwenyewe. Kwa hiyo mpandikizaji mwenye ujuzi hupanga kasoro kwa makusudi. Huweka mbele nywele za moja moja, huzipinda kufuata mwelekeo wa zile za zamani, huacha panja liwe panja. Anaiga kazi ambayo hakuna mtu aliyeipanga, na hapo ndipo mwenye imani anapoanza kuwa na wasiwasi.

Wasiwasi huo una jina katika dini zote mbili. Muislamu atakumbusha kwamba katika Sura ya Wanawake Shetani anaapa kuwaamuru watu wabadilishe maumbile ya Mungu, na kwamba Mtume alimlaani mwanamke anayeunga nywele na anayeungwa. Mkristo atakumbusha kwamba Yesu alifundisha kuwa mtu hana uwezo wa kuufanya unywele wake mmoja kuwa mweupe au mweusi. Ni pingamizi nzito, na sipendi zinapojibiwa kwa dharau. Lakini zikisomwa kwa makini hazisemi kwamba nywele haziguswi. Muislamu anayemaliza hija hunyoa kichwa kizima, na mtoto wake hunyolewa siku ya saba. Makleri wa Kikatoliki walinyolewa utosini kama alama ya kujitoa, hadi Papa Paulo wa Sita alipoifuta desturi hiyo mwaka 1972. Kama kuondoa alichokiotesha Mungu kunaweza kuwa ibada, basi maumbile ambayo Shetani anataka kuyaharibu hayawezi kuwa ni mahali ulipo kila unywele. Swahaba Arfaja alikatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akatengeneza ya fedha, ikamletea harufu mbaya. Mtume akamwambia afanye ya dhahabu. Dhahabu, ambayo mwanamume wa Kiislamu amekatazwa kujipamba nayo, iliruhusiwa kwa ajili ya kurudisha uso wa mtu. Ama kuunga nywele, wanazuoni wengi walieleza laana ile kwa sababu ya udanganyifu, na kinachohamishwa kutoka kisogoni si nywele za mwingine wala si kitambaa. Ni zake, zinaishi, zinakua, zitanyolewa kama zote. Na kuhusu lile fundisho la Yesu, hakuna kazi inayolithibitisha kuliko hii. Daktari hawezi kuumba hata mzizi 1. Anahamisha tu kilichokwisha kuwapo, na kila anachokiongeza pajini amekipunguza kisogoni.

Wakatoliki wana neno la wazi zaidi. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku 5 kabla ya kufa, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwahutubia madaktari wa Italia wa upasuaji wa kurekebisha maumbo. Alikubali kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema la kwanza, na kwamba uhalali wa upasuaji huo unategemea nia na mazingira. Miongoni mwa nia alizozikataa ni ile ya kumbadilisha mhalifu sura ili akwepe mkono wa sheria. Mfano huo umekaa pembeni kabisa, wala hauhusu nywele, lakini ndio ulioliona tatizo: sura mpya inakuwa ovu inapotumika kumkimbia mtu uliyekuwa.

Wapo watakaosema kwamba tunajitesa bure, kwa kuwa watu wa kwetu wamekuwa wakiunda vichwa vyao tangu zamani. Ni kweli, na mfano mkubwa duniani uko jirani. Wamangbetu wa Haut-Uele, waliokuwa jimbo moja na Kisangani hadi mgawanyo wa 2015, waliwafunga watoto wachanga kamba kichwani ili fuvu lirefuke kuelekea nyuma, na wanawake wa heshima wakajenga nywele juu yake zikafunguka kama ungo. Mtafiti Herbert Lang aliwapiga picha nyingi katika safari yake ya 1909 hadi 1915, na dunia ikastaajabu. Karibu na sisi zaidi yuko Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyewahi kuwa karani wa posta wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, mwenye ule mstari uliopasua nywele zake ambao kila mchoraji wa Kongo anaujua. Ukichora miwani, kidevu chenye ndevu na mstari, umemchora. Lakini mifano hii, ninavyoipenda, hailijibu pingamizi. Hakuna aliyemwona mwanamke wa Kimangbetu akadhani kazaliwa hivyo. Mstari wa Lumumba ulitangaza wembe uliouchonga. Ni kazi za mikono zilizosimama hadharani na kusema, mimi ni kazi ya mikono. Upandikizaji mzuri unataka kinyume chake kabisa: ukionekana tu, umeharibika.

Hata hivyo Lumumba ana jambo jingine la kutufundisha, kwa wale wanaodai nywele ni upuuzi usiostahili fikra ya mtu mzima. Alikamatwa mwanzoni mwa Desemba 1960 akiwa njiani kuelekea Stanleyville. Filamu ya siku aliposhushwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, inamwonyesha amefungwa mikono nyuma ya gari, na askari anamshika nywele ili kuuinua uso wake kwa kamera. Askari yule hakuhitaji kusoma falsafa kujua mahali heshima ya mtu inapokaa. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha kilichobaki cha mwili wake, jino moja, na jeneza lake likapita Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Umati uliosimama barabarani kulipokea jino moja haukuwa na shaka kwamba sehemu ndogo kabisa ya mwili inaweza kumbeba mtu mzima. Anayelia kwa paji lililomwacha akiwa na miaka 25 hafai kuchekwa na watu waliolipokea jeneza lile.

Wala haisaidii kumwamuru awe wa asili. Nchi hii imewahi kujaribu hilo kwa sheria. Baada ya jina la Zaire kutangazwa Oktoba 1971, siasa ya uhalisi ya Rais Mobutu iliwavua watu majina ya ubatizo, ikawavua wanaume tai na kuwavalisha vazi la abakosi, ikawakataza wanawake suruali na wigi. Ndani ya amri hiyo mlikuwa na kiu ya kweli ya watu waliochoka kujitazama kwa macho ya Mbelgiji, nami siidharau. Kosa lilikuwa kuamini kwamba asili ya mtu inajulikana ofisini na kukaguliwa barabarani na polisi. Asili iliyoamriwa ikawa sare, na aliyeiamuru akavaa kofia ya ngozi ya chui. Kijana anayeambiwa leo abaki na upara wake kwa kuwa ndio asili anaweza kuuliza kwa haki: asili ya mwaka gani? Akiwa na miaka 18 asili yake ilikuwa na nywele. Dada ambaye rasta za kubana zimemng'oa nywele za pembeni ya uso, na mizizi imekufa, amepoteza asili au ameongezewa? Neno hilo peke yake halina jibu.

Basi tubaki na pingamizi lenye nguvu kuliko yote, ambalo mwenye busara atalileta baada ya kuyakubali yote yaliyotangulia. Kama ubora wa kazi hii ni kutojulikana, si ni uongo uliofanyika kwa ustadi? Kama ningeweza tu kujibu kwamba kila mtu ana siri zake, ningeona aibu kuandika. Lakini Kiswahili kinatupa neno linaloutenganisha ukweli na utangazaji, nalo ni sitara. Nguo ni sitara. Avaaye shati hadai kwamba hana kovu kifuani, anakataa tu kumpa kila mpita njia kovu lake alitazame. Aliyewekewa jino bandia hatembei akilitangaza, na akicheka hajamdanganya mtu. Tuna wajibu wa kutosema uongo kwa wote, lakini hatuna wajibu wa kuwasimulia wote kila kitu. Uongo unaingia pale anapouliza mwenye haki ya kujua, akajibiwa kwa kukana. Na wenye haki si wengi: daktari atakayemtibu, mchumba anayetaka kujua anaolewa na nani, na hasa mtoto. Mvulana wa miaka 20 akimjia baba yake na kumwonyesha mapanja, baba mwenye nywele za Istanbul akamjibu kwamba katika ukoo wetu hakuna upara, maneno yake yanafanana mno na ya yule tajiri wa bondeni: nimerithi kwa wazee wangu, nao kwa wazee wao.

Hapa ndipo mpango wa mpaka unapokutana na swali la dini, na naona watu wa pande zote mbili hawajalitilia maanani. Kisogo kina akiba yenye kikomo. Kichwa kina nywele kama 100,000, lakini vishada vinavyoweza kuhamishwa maisha yote, kwa wengi, ni kati ya 4,000 na 8,000, na upara hausimami kwa sababu daktari amefika. Kijana wa miaka 22 akidai mpaka wa chini, wa mvulana wa shule, na akampata wa kumkubalia, akiba itaishia pajini. Akifika miaka 40 nywele zake za asili zilizokuwa nyuma ya zile za kupandikizwa zitakuwa zimeondoka, naye atabaki na kichaka mbele, jangwa nyuma, na kisogo kilichojaa vidoti vya makovu. Ndiyo maana daktari mwaminifu huweka mpaka juu zaidi ya unavyoombwa, huacha panja lirudi nyuma, na mara nyingi humwambia kijana asubiri. Anampangia nywele mzee wa miaka 60 ambaye bado hajazaliwa ndani ya yule kijana. Wauza kazi huliita jambo hili suala la mwonekano tu. Mimi naliona ni suala la kukiri. Mpaka wa mvulana kwenye uso wa mtu mzima unakana miaka. Unadai kwamba wakati haukupita hapa. Mpaka uliopangwa kwa umri unasema wakati umepita, nami nimepita nao, ila nimeomba niache kukimbiwa na macho ya watu. Si bahati kwamba wa kwanza huonekana bandia na wa pili huonekana wa asili. Jicho la mwanadamu huzoea umri kabla ya kuzoea uzuri, na likiona umri umekanwa hushtuka hata kama halijui limeshtushwa na nini.

Kuna wanaoniambia kwamba ingetosha kumfundisha mtu kuupenda upara. Kwa baadhi itatosha, na heri yao. Torati yenyewe, katika Mambo ya Walawi, inatamka kwamba mwanamume aliyenyonyoka nywele ni safi. Lakini nabii Elisha alizomewa kwa ajili ya upara njiani kwenda Betheli, na hasira yake inaonyesha kwamba cheo cha unabii hakikumkinga na maumivu. Na maana ya upara si ya mwenye upara peke yake kuichagua. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walitangaza mauaji ya wanaume wenye upara katika jimbo la Zambezia, kwa imani kwamba vichwa vyao vina dhahabu. Watu wale waliuawa kwa sababu ya maana ambayo wengine waliiandika juu ya ngozi zao. Ni mfano wa mwisho kabisa wa jambo ambalo kwa kiasi kidogo linatokea kila siku, mtu anapoitwa mzee na wa rika lake, au anapodhaniwa ana fedha. Kukubali mwili ni fadhila kubwa. Kumwamuru mwingine aukubali, ilhali hulipi gharama ya kuubeba, ni rahisi mno.

Linabaki suala la fedha, nami sitalipunguza uzito. Katika mji ambao baba wengi huendesha toleka kutwa nzima, wakimpakia abiria nyuma ya baiskeli ili wapate chakula cha jioni, tiketi ya Istanbul pamoja na upasuaji ni karo za miaka. Mtu anayewaondoa watoto shuleni ili apate nywele amekosea, na angekuwa amekosea vilevile kwa suti au kwa matanga ya kifahari. Hukumu hiyo haihitaji fatwa. Lakini kwa mwenye uwezo pingamizi hili halizuii safari, linamsubiri arudi. Malaika wa kile kisa hakumwuliza tajiri kwa nini alitaka nywele. Alimwuliza amebakiza nini kwa ajili ya aliyekwama, na alimwuliza akiwa na kichwa kilekile ambacho tajiri alikuwa nacho zamani. Sadaka aliyoidai ilikuwa na sehemu mbili: kutoa, na kutambua. Wa tatu wao, yule aliyekuwa kipofu, alipojiwa na kipofu alianza kwa kukiri kwamba naye alikuwa haoni na Mungu akamrudishia macho, kisha akamwambia achukue anachotaka. Naye akaachiwa macho yake na mali yake.

Kwa Wakongo wengi kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho, na picha iliyomo haibadiliki kwa kuwa mwenyewe amebadilika. Basi mtu aliyerudi Kisangani na nywele zake, mwaka 1 baada ya upasuaji, zimeshakaa, hakuna anayezitilia shaka, atasimamishwa siku moja kizuizini na kutakiwa karatasi. Atatoa kadi. Askari atatazama paji linalong'aa kwenye picha, atamtazama yeye, atarudi kwenye picha, na kumwuliza huyu ni nani. Jibu ni maneno mawili, nayo yanaweza kusemwa huku mtu ameinamisha uso, au huku anamtazama askari machoni: ni mimi.